Maswali ya Wasomaji: Basi Limetangulia, Mstari Umebaki Mikumi

Mwezi huu kapu la maswali limejaa ramani. Kuanzia matangazo ya mabasi hadi video za harusi zinazoonyesha bwana harusi akitoka Mbeya kuja kuoa Dar es Salaam, kila mtu anataka mstari unaojichora na kitu kinachoufuata. Majina ya menyu na vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye programu, usije ukapotea njiani.

Ndugu mhariri, natengeneza tangazo la kampuni ya mabasi, safari ya Dar es Salaam–Mbeya, kwa After Effects, programu ya kuhuisha michoro. Mstari nimeuchora kwa Trim Paths (inayoufunua kidogo kidogo), basi nimelipitisha kwa kubandika njia ileile kwenye Position. Vinaanza pamoja na kumaliza pamoja, lakini katikati havionani: basi liko Iringa, mstari uko Mikumi. Na nilipoliwekea basi kituo Morogoro, badala ya kusimama linarudi nyuma kidogo kisha linaendelea. – Msomaji wa Sinza

Kaka, safari yako moja inaendeshwa na saa mbili. Mstari unafuata vifremu (keyframe, alama zinazoshika thamani kwa wakati fulani) vya End, basi linafuata vifremu vya Position. Ukibonyeza F9 upande mmoja ili mwendo uanze na kuisha taratibu, halafu upande wa pili ukaacha mwendo wa moja kwa moja, mwanzo na mwisho vitalingana ila katikati kila kimoja kitashika njia kwa kasi yake. Unaweza kukaa usiku kucha unasogeza vifremu na bado visikutane. Ondoa saa moja.

Futa vifremu vya Position. Chora njia yote kwa kalamu kwenye leya moja ya umbo, mstari mmoja usiokatika, ukianzia Dar es Salaam: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya. Ondoa Fill (rangi ya ndani), bakiza Stroke (mstari wenyewe). Fungua leya hiyo mpaka uone mali yenyewe ya Path, ibofye ishike rangi, kisha nenda Window, chagua Create Nulls From Paths. Dirisha dogo litakupa vitufe vitatu. Bonyeza Trace Path. Hapo itazaliwa leya tupu, ile inayoitwa Null, inayotembea juu ya njia yako, na kwenye efekti zake kuna namba moja inaitwa Progress, kutoka 0 hadi 100. Chini yake kuna kisanduku cha Loop. Kitoe tiki, la sivyo basi likifika Mbeya litaruka kurudi Dar es Salaam na kuanza upya.

Sasa ongeza Trim Paths kwenye mstari, shika kamba ya kuunganishia iliyo pembeni ya End, ivute mpaka kwenye Progress. Zote mbili zinahesabu asilimia ya urefu wa njia, kwa hiyo hakuna hesabu ya kufanya. Basi nalo lifanye mtoto wa ile Null (Parent), yaani liifuate kila iendako, baada ya kuliweka juu yake. Kuanzia hapo vifremu viko sehemu moja tu, kwenye Progress. Ukitaka kasi, F9 au mkunjo wowote, weka hapo. Mstari na basi vitatii pamoja.

Njia hii ina faida nyingine. Ukinakili njia ya leya ya umbo na kuibandika kwenye Position, mara nyingi inaangukia pembeni ya ramani, kwa sababu nukta za umbo huhesabiwa kutoka katikati ya kundi lake na Position huhesabiwa kutoka kona ya juu kushoto ya kompozisheni. Trace Path inafanya hesabu hiyo yenyewe.

Lile basi kurudi nyuma Morogoro ni tabia inayojulikana. Position ikiwa na vifremu viwili vyenye thamani ileile, After Effects inaweza kuweka vishikio vya mkunjo kati yake, na kitu kinazunguka kidogo na kurudi palepale badala ya kutulia. Kwa Position dawa ni kukigeuza kifremu cha kwanza cha kituo kiwe Hold, yaani thamani ibaki palepale mpaka kifremu kinachofuata, Ctrl+Alt+H. Kwenye Progress hutakutana nalo, maana ile ni namba tupu isiyo na mkunjo wa njia: weka vifremu viwili vyenye thamani moja, umbali wa fremu 15 hadi 20, na basi litatulia kabisa.

Usitafute asilimia ya Morogoro kwa kilomita. Dar es Salaam hadi Morogoro ni takriban kilomita 190 na hadi Mbeya takriban 820, lakini mstari wako umerahisishwa. Kona za Kitonga peke yake umezifanya nukta mbili tatu, na ni vizuri. Buruta Progress polepole mpaka ncha ya mstari iguse duara la mji, soma namba, iandike pembeni. Namba hizohizo ndizo za kuamshia majina ya miji: jina lianze kutokea fremu 3 au 4 kabla mstari haujafika, likiwa limekamilika mstari unapogusa.

Kama njia ulikwisha ichora kwa vipande, vipande vyote vitajichora kwa wakati mmoja. Kwenye Trim Paths kuna Trim Multiple Shapes. Ibadilishe iwe Individually, vitafuatana. Ila Null hufuata njia moja tu, ndiyo maana tunasisitiza kuchora mara moja bila kukata.

Habari za kazi. Nina video ya boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja na nataka mstari wa vidoti baharini. Nimewasha Dashes, lakini mstari ukijichora vidoti vyote vinatambaa kama siafu. Nitavizuiaje? – Dada wa Kigamboni

Dada, umechora njia kuanzia Unguja kuja Dar es Salaam, halafu ukaona inakwenda kinyume, ukaamua kuhuisha Start badala ya End. Tumeotea? Vidoti huhesabiwa kuanzia mwanzo wa kipande kinachoonekana. Start ikisogea, mwanzo unasogea, na vidoti vyote vinasogea nao. End ikisogea na Start ikabaki 0, mwanzo haujaguswa, kwa hiyo vidoti vilivyokwisha tokea vinatulia na vipya vinaongezeka mbele.

Kwenye safu ya Path kuna vitufe vidogo vya kugeuza mwelekeo. Geuza, rudisha Start iwe 0, huisha End kutoka 0 hadi 100. Kwa duara za kweli badala ya vistari, weka Line Cap iwe Round Cap, Dash iwe 0, na Gap iwe karibu mara mbili ya unene wa mstari: unene 8, Gap 16 hadi 18.

Itabaki kero moja ndogo: kidoti cha mwisho kinatokea kikiwa nusu kabla ya kukamilika. Kwa vistari haionekani sana, kwa duara inaonekana. Ukitaka usafi, acha mstari wa vidoti bila Trim Paths kabisa, uunakili, nakala iwe mstari mzima bila Dashes, mnene zaidi kidogo, wenye Trim Paths, halafu uitumie kama Track Matte ya Alpha kwa ule wa vidoti, yaani vidoti vionekane pale tu nakala ilipopita. Vidoti havitasogea hata pikseli moja, vinafunuliwa tu.

Mimi nafungua kwa ramani ya Tanzania nzima halafu naingia mpaka Kariakoo. Nikifika karibu, ramani inakuwa ukungu, na mstari umekuwa mnene kama bomba. Laptopu yangu ya GB 8 nayo inaganda. Ramani ni picha niliyopiga kwenye skrini. – Msomaji wa Kariakoo

Hayo ni maswali manne ndani ya moja, tuyachambue.

Ukungu kwanza. Picha ya skrini ya pikseli 1920 ukiikuza 400% unatumia pikseli 480 tu kujaza upana wote. Kanuni ni upana wa video mara ukuzaji wako mkubwa kabisa: 1920 mara 4 ni 7680. Kutoka nchi nzima hadi mtaa mmoja wa Kariakoo si mara 4, ni mamia, na hakuna picha moja itakayobeba umbali huo. Wanaofanya kazi hii hutumia ramani nne au tano, kuanzia ya nchi na ya mkoa hadi ya mtaa, kila moja ikikuzwa si zaidi ya mara 4, na katikati ya mwendo moja inayeyuka ndani ya nyingine kwa fremu 8 hadi 12. Ufukwe na barabara kuu vilingane kabla ya kuyeyusha; punguza Opacity ya ramani ya juu iwe 50%, panga kwa macho, kisha irudishe.

Jambo la pili, ambalo hukuliuliza lakini litakuuma: Scale ya kutoka 100 hadi 400 kwa vifremu viwili vya kawaida huonekana kukimbia mwanzoni na kuzubaa mwishoni, kwa sababu kutoka 100 kwenda 200 ni mara mbili nzima na kutoka 300 kwenda 400 ni theluthi tu. Chagua vifremu vyote viwili, nenda Animation, Keyframe Assistant, Exponential Scale. Mwendo utakuwa sawa kama wa kamera inayoshuka.

Unene wa mstari. Mstari ni mtoto wa Null inayokuza ramani, kwa hiyo unakuzwa pamoja nayo. Kama Null hiyo unaiita RAMANI, shika Alt, bofya saa ya Stroke Width, andika:

value * 100 / thisComp.layer("RAMANI").transform.scale[0]

Ramani ikikua mara nne, unene unagawanywa kwa nne, na machoni mstari unabaki uleule. Kwa video ya 1920 kwa 1080 itakayotazamwa kwenye simu, usishuke chini ya pikseli 6. 8 inasomeka vizuri zaidi. Chini yake weka nakala nyeupe ya pikseli 14, hapo mstari utaonekana hata ukipita juu ya msitu wa kijani au mji wenye barabara nyingi. Line Join iwe Round Join, vinginevyo kona kali zinatoa miiba.

Laptopu. Picha ya pikseli 8000 kwa 6000 ikishafunguliwa haina ule uzito mdogo wa JPEG uliouona kwenye faili. Ni 8000 mara 6000 mara baiti 4, yaani MB 192 kwa leya hiyo moja, na ukiweka mradi kwenye biti 16 za rangi inakuwa mara mbili. Ukiwa na ramani tatu za hivyo, leya za majina na kivinjari kimefunguka nyuma, GB 8 zimekwisha. Kata sehemu za ramani ambazo kamera haifiki, baki kwenye biti 8, tazama kwa ubora wa Half au Quarter wakati wa kupanga, na ufunge kivinjari.

Mwisho, hiyo picha ya skrini iache. Mbali na ukungu, ina majina ya maduka usiyoyataka na masharti ya mwenye ramani, ambaye huwa anataka jina lake libaki linaonekana. Kulikata ukingoni ni kuvunja masharti hayo. Kwa nchi nzima, Natural Earth inatoa mipaka, mito na maziwa bure kabisa, mali ya umma, kwa viwango vya 1:10, 1:50 na 1:110 milioni. Kwa Tanzania peke yake chukua 1:10 milioni, maana kwenye 1:110 ufukwe wetu ni vipande vichache vilivyonyooka. Kwa mitaa nenda OpenStreetMap, ambayo kwa Dar es Salaam imechorwa kwa kina hasa, mpaka vichochoro. Sehemu yake ya kushiriki inatoa PDF na SVG. Unapaswa kuandika © OpenStreetMap contributors kwenye video. PDF ikiingia After Effects, washa kile kitufe chenye umbo la jua kwenye leya, nayo itachorwa upya kila unapoikuza badala ya kuvutwa. QGIS, programu ya ramani ya bure pia, inakuwezesha kuchagua rangi zako na kuondoa usichotaka kabla ya kutoa picha.

Na majina yapunguze. Safari yenye vituo vitatu inahitaji majina matatu, labda na Bahari ya Hindi. Tangazo linalotaja kila kata ya Ilala halisomeki.

Basi langu limechorwa kwa ubavu. Likienda mashariki ni zuri, likielekea magharibi linageuka matairi juu. – Kijana wa Mbagala

Ile Null ya Trace Path huzunguka kufuata mwelekeo wa njia, kama ifanyavyo Auto-Orient Along Path. Zote huchukulia kwamba uso wa mchoro unatazama kulia. Kuelekea kushoto ni mzunguko wa nyuzi 180, na matairi lazima yaende juu. Kwa chombo kinachochorwa kwa ubavu usikitie kwenye mzunguko huo: usikifanye mtoto, unganisha Position yake tu na Position ya Null. Safari ikigeuka kwenda magharibi, weka kifremu cha Hold kwenye Scale, upana uwe −100 na kimo kibaki 100. Basi litageuza uso bila kupinduka. Kumbuka Dar es Salaam iko ukingo wa mashariki, kwa hiyo safari karibu zote za bara zinaelekea kushoto. Chora basi likitazama kushoto tangu mwanzo.

Gari, boti au ndege iliyochorwa kama inavyoonekana kutoka juu haina tatizo hili, acha izunguke. Ikiwa imechorwa ikitazama juu, ongeza nyuzi 90 kwenye Rotation yake.

Sina kompyuta, nina simu tu. Inawezekana? Na je, kuna programu ya bure kwa atakayepata kompyuta baadaye? – Msomaji wa Ubungo

Kwa simu inawezekana ukikubali mipaka. Tengeneza picha mbili zenye ukubwa uleule: ramani tupu, na mstari peke yake kwenye PNG isiyo na mandhari. Weka mstari juu ya ramani kwenye programu yoyote ya kuhariri yenye maski na vifremu, chagua maski ya kugawa skrini kwa mstari ulionyooka, izungushe ikate njia kwa pembe mraba, kisha isogeze kwa vifremu viwili mpaka mstari wote ufunuliwe. Mwendokasi ya Kimara–Kivukoni inatoka vizuri kwa njia hii kwa sababu inakwenda upande mmoja.

Inakwama njia inapojirudia. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Chalinze unaelekea magharibi, halafu kwa Arusha unakata kaskazini kupitia Segera, Korogwe, Same na Moshi. Maski moja itafunua kipande cha mbele kabla ya wakati wake. Kata mstari uwe PNG mbili au tatu kwenye kona, kila moja na maski yake, ya pili ianze pale ya kwanza inapoishia. Gari unalisogeza kwa mkono, kifremu kwenye kila kona, mwendo wa moja kwa moja bila kulainisha, na maski nazo bila kulainisha. Ukilainisha kimoja utarudi kwenye shida ya msomaji wetu wa Sinza.

Kwenye kompyuta, DaVinci Resolve ya bure ina Fusion ndani yake: chora Polygon iliyo wazi, ondoa tiki ya Solid, ongeza Border Width, kisha huisha urefu wa kuandika kutoka 0 hadi 1. Blender nayo ni bure. Njia unaichora kama mkunjo (Curve), unaipa unene wa Bevel na kuhuisha End kutoka 0 hadi 1. Hapo hakikisha Mapping iko kwenye Spline na si Resolution, maana Resolution inahesabu vigawanyo badala ya urefu, na mstari unakimbia kwenye sehemu zenye nukta chache.

Mteja wangu analeta mzigo kutoka Guangzhou. Njia ya ndege niipinde au niinyooshe? – Msomaji wa Tabata

Watu hupinda kwa mazoea, kwa sababu njia fupi zaidi juu ya dunia huonekana imepinda kwenye ramani bapa za kawaida, zile za Mercator. Ni kweli kwa London–New York au Tokyo–Los Angeles, zilizo mbali na ikweta na zinazokwenda mashariki–magharibi. Hupinda kuelekea kaskazini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini, Guangzhou karibu 23 kaskazini, njia inakatiza ikweta na inakaribia kunyooka. Upinde ukiuweka ni pambo. Uweke, unapendeza, ila uwe mdogo: kimo chake kisizidi sehemu ya kumi ya urefu wa njia, na kivuli chembamba kilichonyooka chini yake ili macho yaelewe kwamba ni kimo cha ndege na si kona.

Umeme umekatika wakati narenda (natoa video ya mwisho), faili la video halifunguki, nimeanza upya mara mbili. – Msomaji wa Tegeta

Usirende video moja kwa moja. Kwenye Render Queue chagua PNG Sequence na folda yake peke yake. Kila fremu inakuwa faili lake. Sekunde 6 kwa fremu 25 ni picha 150. Umeme ukikatika kwenye ya 110, zilizotangulia ziko salama. Fungua Render Settings, weka tiki kwenye Skip existing files, futa ile picha ya mwisho kwa sababu huenda iliandikwa nusu, anza tena; itaendelea pale ilipoishia.

Ukiziingiza picha hizo ili kutoa video ya H.264, angalia kasi iliyosomwa. Kwa kawaida After Effects huzichukulia kuwa fremu 30 kwa sekunde, na sekunde zako 6 zinakuwa 5, sauti inabaki nyuma. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, Interpret Footage, Main, andika 25.